Dume Tasa Haachiwi Shamba Chafu

Desemba iliyopita vijana watatu wa kikundi chetu cha umwagiliaji walinijia nyumbani, huku Hombolo, Dodoma, wamebeba ndoo ya maembe yaliyooza. Kwenye simu walikuwa wameona ndege ikimwaga nzi juu ya mashamba ili kumaliza nzi. Mmoja akaniambia, "Babu, si wewe uliyekuwa unalea mbung'o kule Tanga? Basi tufundishe tuwalee na hawa, tuwahasi, tuwaachie." Nilicheka hadi nikaketi. Nilipomaliza kucheka nikaona wazo lao halina ubaya wowote, ila wameishika kazi kwa mkiani.

Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye miembe, mipera au matikiti kuanzia Mpwapwa mpaka Manyoni. Nitaeleza kazi nzima, hata zile sehemu ambazo mkulima haruhusiwi kuzigusa, maana usipojua kinachofanyika ndani ya nyumba ya kulelea hutaelewa kwa nini shambani kwako unaambiwa ufanye hivi na si vile. Na niseme mapema: madume tasa niliowashika kwa mikono yangu ni wa mbung'o. Wa nzi wa matunda sijawahi kuachia hata mmoja shambani kwangu, na utaona sababu.

Ng'ombe walipakwa dawa kwanza

Kule Tanga nilikuwa fundi wa maabara, kijana wa kuosha trei na kupasha damu. Mbung'o hali kitu kingine ila damu. Tulikuwa tunaimwaga damu ya machinjioni kwenye sahani yenye joto, tunaifunika kwa ngozi nyembamba ya silikoni, kisha tunaweka vijumba vya nzi juu yake. Nao wanatoboa na kunywa, wakidhani wamepata ng'ombe. Madume walipigwa mionzi, wakafungwa kwenye maboksi, wakapelekwa Unguja na kumwagwa kwa ndege ndogo. Kati ya 1994 na 1997 walimwagwa takribani milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na ugonjwa wa nagana kwa mifugo ya kisiwa ukakosa wa kuubeba.

Watu hupenda kusimulia habari ya ndege. Hawasimulii kwamba kabla ya ndege kuruka, ng'ombe wa Unguja walikuwa wamepakwa dawa migongoni na vitambaa vyenye dawa vimetundikwa porini, hadi mbung'o wakapungua sana. Ndege ilikuja kumalizia waliobaki.

Tena mbung'o ana uzazi wa tembo. Jike huzaa funza mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi. Nzi wa matunda ana uzazi wa panya: jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake. Kama mbung'o tu alihitaji kupunguzwa kwanza, piga picha huyu wa maembe.

Hesabu ya mbuzi kumi

Dume tasa si hanithi. Hili huwa narudia kwa sababu vijana hucheka wakisikia neno tasa. Anatafuta jike, anambembeleza, anampanda kama kawaida. Kilichoharibika ni mbegu: inafika kwenye yai, lakini yai halianguliwi. Jike akishapandwa huwa hana haraka ya kutafuta dume mwingine, anakwenda kutaga mayai mafu akijua ametimiza wajibu wake.

Sasa chukua shamba lenye majike 1,000 na madume 1,000 wa porini. Achia madume tasa 9,000. Ni kama zizi lenye beberu kumi, tisa kati yao hawazalishi: jike ana nafasi moja kati ya kumi ya kumpata mzima. Majike 100 tu watataga mayai yenye uhai. Tuseme kila mmoja wao anaacha majike watano wanaofika ukubwani (hiyo tano nimeiweka ili tuhesabu, shambani hubadilika). Kizazi cha pili kina majike 500. Achia tena 9,000. Safari hii mzima ni mmoja kati ya 19, kwa hiyo majike 26 hivi wanafanikiwa na kuacha kama 132. Achia tena wale wale 9,000. Kizazi kinachofuata hakifiki majike kumi.

Nenda sasa kwa jirani ambaye hajafagia. Ana majike 10,000 na madume 10,000. Mwachie naye tasa 9,000, gharama ile ile, gari lile lile. Zaidi ya nusu ya majike wanapata madume wazima, kama 5,260, na kila mmoja anaacha watano. Umemwaga nzi elfu tisa na mwezi unaofuata ana majike zaidi ya 26,000.

Niliichora hesabu hii mavumbini kwa fimbo mbele ya wale vijana. Mwenye ndoo akaitazama ndoo yake, akaisogeza mbali kidogo.

Mmarekani Edward Knipling alifanya hesabu ya namna hii miaka mingi kabla ya kupata nzi wa kujaribia. Jaribio lililofungua njia lilifanyika 1954 katika kisiwa cha Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela, dhidi ya funza wanaokula nyama hai kwenye vidonda vya mifugo. Kisiwa kile kilikuwa kimejaa mbuzi kama kwetu. Ndani ya miezi michache funza wakaisha.

Jua unapigana na nani

Kwenye embe za Dodoma wanaotusumbua ni wawili. Wa kwanza ni Bactrocera dorsalis, mgeni aliyetoka Asia na kugunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Ana mistari miwili ya njano mabegani, alama kama herufi T mgongoni mwa tumbo, na mabawa angavu. Wa pili ni mwenyeji, Ceratitis cosyra, mdogo zaidi, wa manjano, mwenye vidoti vyeusi mgongoni na mabawa ya madoadoa. Huyu ndiye anayezaliana pia kwenye matunda ya mng'ongo, na miti hiyo tunayo kila kona, hakuna aliyeipanda na hakuna anayeokota matunda yake yote. Kwenye matikiti, matango na maboga yuko nzi mwingine, Zeugodacus cucurbitae: mistari ya njano mabegani mitatu badala ya miwili, na doa jeusi kwenye ncha ya bawa.

Kwa nini nasumbua watu na mistari? Kwa sababu dume tasa humpanda wa aina yake tu. Ukiletewa madume tasa wa nzi wa matikiti ukawaachia kwenye miembe, umewaleta kutalii. Huko Okinawa, Japani, ndiye huyu wa matikiti waliyemwandama kisiwa baada ya kisiwa tangu miaka ya 1970, wakimwaga mabilioni ya tasa, mpaka 1993 wakatangaza kwamba wamemmaliza. Ni visiwa, wana bahari inayowalindia mpaka. Sisi tuna barabara ya Morogoro, na malori ya matunda yanapita usiku na mchana.

Mtego na daftari

Hapa ndipo mkulima anapoanza, na anaweza kuanza Jumamosi hii.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa matundu manne ubavuni, karibu na shingo, ukubwa wa kidole kidogo. Kifuniko kitoboe upitishe waya, na kwenye ncha ya ndani ya waya funga donge la pamba lililochovywa kivutio. Kwa dorsalis kivutio ni methili eujenoli, kwa nzi wa matikiti ni kyulua. Uliza duka la pembejeo linalojua kazi yake, na usikubali kuuziwa kimoja kwa kazi zote mbili. Chini ya chupa weka maji yenye sabuni kidogo ili anayeanguka asiinuke. Tundika mtego kwenye kivuli cha mti, urefu wa kichwa cha mtu au zaidi kidogo, na waya wa nje upake grisi. Usipoipaka, sisimizi watakula ushahidi wako wote usiku na asubuhi utaandika sifuri kwa furaha.

Vivutio hivi vinaita madume peke yao. Na cosyra hajali kabisa methili eujenoli. Kwa hiyo weka na mtego mmoja wa chakula: maji nusu lita, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja. Huo huita majike pia, kwa sababu jike haivishi mayai bila kupata protini. Utanasa pamoja na vinzi vya ndizi na takataka nyingine, kwa hiyo kaa na miwani yako uchambue.

Kila baada ya siku saba mwaga, hesabu, andika. Gawa idadi ya nzi kwa idadi ya mitego, kisha gawa kwa idadi ya siku. Mitego yetu mitano ya methili eujenoli ilitoa nzi 434 wiki ya kwanza ya Januari. 434 gawa kwa 5, gawa kwa 7: nzi 12.4 kwa mtego kwa siku. Wanaofanya kazi hii duniani huchukulia kwamba kiwango kikizidi 1 shamba limevamiwa, na kati ya 1 na 0.1 ndipo unaposema umemdhibiti. Kwenye 12.4 kumwachia dume tasa ni kumpeleka mtoto mmoja kuamua ugomvi wa stendi.

Kufagia

Funza akishiba ndani ya embe, hutoka na kujirusha. Ndiyo, anajikunja kama upinde na kuruka, wajukuu wangu hushindana kuwatazama. Anaingia udongoni, sentimita mbili hadi tano tu chini, anageuka pupa kama punje ya ngano. Kwa joto letu, baada ya siku kumi au zaidi kidogo nzi anatoka. Basi embe lililoanguka leo likaachwa wiki nzima ni sawa na kuatamisha mayai ya adui chini ya mti wako mwenyewe.

Okota matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yaliyodungwa ambayo bado yananing'inia. Utayajua kwa kitone kinachotoa utomvu, na pembeni ngozi imelainika. Usiyatupe kwenye shimo la takataka wazi. Ama uyafukie futi mbili chini na kushindilia udongo, ama uyafunge kwenye nailoni nzito nyeusi uyaache juani wiki mbili. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, nami sikuisikitikia, ilikuwa inachanika siku ya pili. Tumia nailoni ile ya ujenzi, kunja kingo, weka mawe. Jua la Dodoma halihitaji kufundishwa kazi.

Kuku waachie chini ya miembe asubuhi. Wanachakura hasa kwenye zile sentimita tano za juu.

Chambo cha protini kilichochanganywa na dawa kidogo kipulizie sehemu ndogo tu ya mti, kama upana wa mlango wa dirisha, upande wa chini wa majani, kila wiki wakati matunda yanapevuka. Jike anakifuata mwenyewe. Kupulizia shamba zima dawa kali sikukubali, na si kwa upole wa moyo: nyuki wa huku ndio riziki ya watu, muulize yeyote wa Manyoni, na wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na funza wa nzi hufa kabla ya nzi wenyewe.

Na usifagie peke yako. Nzi hasomi hati ya kiwanja. Sisi tulichora ramani kwa mkaa kwenye gunia la saruji: kila mwembe, kila mpera, kila mng'ongo, kila tango mwitu kandokando ya mfereji, na jina la mwenye eneo. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na ilileta ugomvi mmoja, juu ya mpera ambao kila mtu alisema si wake mpaka tulipotaja kuukata.

Ndani ya nyumba ya kulelea

Sasa tuingie kule ambako vijana walitaka kuanzia.

Nyumba ya kulelea nzi wa matunda inafanana zaidi na jiko kubwa kuliko maabara. Joto linakaa kwenye nyuzi 25 hivi, unyevu zaidi ya nusu, usiku na mchana. Kwa hali ya hewa ya Dodoma ya Septemba, na ule upepo mkavu, umeme ukikatika nusu siku umepoteza kizazi. Nzi wakubwa hulishwa sukari sehemu tatu na hamira iliyolainishwa sehemu moja. Mayai hukusanywa kwa udanganyifu: dorsalis hupewa chupa ya plastiki yenye matundu madogo na juisi ndani, jike anadhani ni tunda, anadunga. Nzi wa Mediterania, aina nyingine ya nzi wa matunda, hutaga kupitia kitambaa cha wavu, mayai yanadondokea kwenye maji.

Mayai humwagwa juu ya uji mzito wa pumba za ngano, sukari, hamira, maji, asidi kidogo na kihifadhi cha kuzuia ukungu. Harufu yake ni kama pombe ya kienyeji iliyosahauliwa. Funza wakishiba wanaanza kujirusha kutoka kwenye trei zenyewe, huna haja ya kuwachambua, unaweka chini maji au unga wa mbao na kuwapokea.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Ukiwaachia majike tasa pamoja na madume, majike wale bado wanadunga matunda, hata kama mayai ni mafu, na madume tasa wanapoteza muda kwa majike tasa wenzao. Kwa nzi wa Mediterania wataalamu wa maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, waliendeleza mbegu ya nzi ambayo mayai yake ya kike hufa yakikaa kwenye maji ya nyuzi 34 kwa saa 24. Yanabaki ya kiume peke yake. Kiwanda cha El Pino kule Guatemala kimewahi kutoa kwa njia hiyo zaidi ya madume bilioni moja kwa wiki. Kwa dorsalis ipo mbegu ambayo pupa za kike ni nyeupe na za kiume ni za kahawia, mashine inazichambua kwa rangi kama unavyotoa mawe kwenye mchele.

Haya yote usiyafanye nyumbani. Nasema hivyo kwa aibu. Ile ndoo ya maembe ya vijana niliihifadhi jikoni ili niwaonyeshe hatua za nzi, nikaifunika kwa neti ya mbu yenye tundu ambalo sikuliona. Siku ya kumi na tatu asubuhi jiko lilikuwa linavuma. Bibi yao aliniuliza kama na hawa pia ni wa serikali. Nzi mzima uliyemlea na kumwachia, dume au jike, ni mdudu mharibifu uliyemlisha kwa pesa yako.

Mionzi si kisu

Vijana walisema kuhasi. Fahali unamhasi kwa koleo, ukimaliza hana hamu tena. Hapa tunataka hamu ibaki.

Mionzi huumiza zaidi chembechembe za mwili zilizo katika kugawanyika. Nzi aliye karibu kutoka kwenye pupa mwili wake umeshajengeka, chembe zake nyingi zimeacha kugawanyika, isipokuwa zile zinazotengeneza mbegu. Kwa hiyo pupa hupigwa siku mbili hivi kabla ya kutoka. Muda huo hujulikana kwa kufungua pupa chache na kutazama rangi ya macho ya nzi ndani yake. Ukiwahi sana anatoka kilema, ukichelewa ametoka tayari mikononi mwako. Pupa hufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili zitumie oksijeni yote iliyomo, maana oksijeni ikiwa kidogo mwili hauumii sana. Kisha hupitishwa kwenye kobalti 60 au mashine ya eksirei, kiasi cha grei 100 hivi (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa nzi wa Mediterania. Nzi wa matikiti wa Okinawa walipewa grei 70.

Kijana mmoja aliuliza kama eksirei ya hospitali haiwezi kutusaidia. Picha moja ya kifua haifiki hata sehemu moja kati ya laki ya grei 100. Na chanzo kinachotoa grei 100 hakichezewi: mtu akipata grei 5 mwili mzima, bila matibabu anaweza kufa. Ndiyo maana huwezi kumiliki wala kutumia chanzo cha mionzi bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na kuingiza wadudu hai nchini ni suala la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kikundi hakilei na hakipigi mionzi. Kikundi hupokea pupa zilizo tayari, kutoka mahali penye kibali.

Wengine huuliza kama nzi aliyepigwa mionzi ataisambaza shambani. Hapana. Mgonjwa akitoka kupiga picha hamwambukizi mtu eksirei, na nzi ni hivyo hivyo.

Pupa zikija

Mionzi ikishakwisha, pupa hupakwa vumbi la rangi inayong'aa, ya waridi au kijani. Nzi akitoka hupasua pupa kwa kifuko kinachovimba kwenye paji la uso, kisha kifuko hurudi ndani kikiwa kimebeba chembe za rangi. Rangi hiyo atakufa nayo. Kumbuka hili, tutalihitaji.

Ukipokea, jambo la kwanza hesabu pupa 100 uziweke pembeni kwenye sahani. Pili, zungushia bomba jeusi la urefu wa sentimita 10 lililopakwa poda ndani. Poda inazuia kupanda kwa miguu, kwa hiyo anayetoka nje ya bomba ametoka kwa kuruka. Baada ya siku chache hesabu waliobaki ndani: pupa zisizofunguka, vilema, wavivu. Kama wengi wamebaki ndani, mzigo ulipata joto njiani, na wala usiumwage shambani ukajidanganya.

Pupa nyingine zote za mzigo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi ya kaki au vizimba, chumba cha baridi na giza kiasi, na nzi wakitoka wawe na sukari na maji yaliyogandishwa kama jeli ili wasizame. Dume wa nzi wa Mediterania huachiwa akiwa na siku tatu hadi tano. Dorsalis huchelewa kukomaa, mpe muda zaidi. Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha akina mama: madume wa nzi wa Mediterania wakinusishwa mafuta ya tangawizi kabla ya kuachiwa hupendwa zaidi na majike. Wa dorsalis wao hulishwa methili eujenoli. Wakiipata wanapendwa, na wakishashiba nayo hawaikimbilii tena sana kwenye mitego.

Hilo la mwisho lisikupite. Kama ulitundika vivutio vyenye sumu shamba zima ili kuua madume wa porini, viondoe kabla ya kuachia tasa. Vinginevyo unanunua madume kwa mkono wa kulia na kuwaua kwa wa kushoto. Bakiza mitego michache ya kuhesabia.

Achia alfajiri, kukiwa na ubaridi na upepo haujaamka. Tembea mistari ya miti, fungua mfuko, uuweke kivulini kwenye matawi, nenda mti wa mbele. Usimwage wote mlangoni mwa shamba kwa sababu umechoka. Rudia kila wiki bila kuruka, maana nzi tasa haachi mtoto na jeshi lako linakufa lenyewe. Ukiruka wiki mbili jike aliyetoka juzi udongoni anakutana na mzima.

Usiku wa siku ya kuhesabu, kaa na nzi wa mtego chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, yule wakala wa pesa pale kituoni anayo. Tasa wanang'aa. Usiyemwona aking'aa mponde kichwa utazame ndani, rangi huwa imejificha pale kwenye paji. Waliobaki ndio wa porini. Kwa nzi wa Mediterania, wanaotaka kupunguza hulenga tasa 25 hadi 100 kwa kila mmoja wa porini, wanaotaka kummaliza huvuka 100. Uwiano ukishuka, usikimbilie kuomba tasa zaidi. Kwanza tembea ujue ni mti gani umeangusha matunda bila kuokotwa.

Daftari letu wiki iliyopita lilikuwa na nzi 49 kwenye mitego mitano: 1.4. Sijisifu sana, maembe yamekwisha na kiangazi kimesaidia, labda nusu ya kazi ni ya jua. Mtego wa hamira ulio karibu na korongo ndio ulio na cosyra wengi kuliko yote. Juu ya korongo hilo kuna ming'ongo mitatu, kwenye eneo la mzee ambaye hatujapatana naye tangu habari ya mpera. Jumamosi naenda kwake na magunia manne matupu na kilo mbili za sukari, na yule kijana mwenye ndoo nimemwambia aje na jembe.